Jino la ukubwani halirushwi juu ya paa

Wengi wetu tuliokulia Pemba tumewahi kurusha jino juu ya paa. Jino la utoto lilipolegea, bibi alilifunga uzi akalivuta, ukalia kidogo, kisha ukatoka uani ukalirusha juu ya makuti au bati huku ukiomba jipya. Na jipya likaja. Tukajifunza, bila ya mtu kukaa na kutufundisha, kwamba jino ni kitu kinachokwenda na kurudi. Mafunzo hayo yana umri wake. Mtoto akifika miaka 7 au 8, meno ya mbele ya juu yanayochomoza ndiyo ya mwisho. Likitoka moja, halina mrithi.

Mpwa wangu alikuwa na miaka 9. Ilikuwa alasiri, chuoni, yaani madrasa ya Kurani, watoto wameachiwa kwenda kutia udhu. Wakasukumana, akateleza, mdomo ukapiga kwenye ukingo wa birika la maji ya udhu. Jino la mbele la juu likatoka zima na mzizi wake. Watoto wakashangaa urefu wake, maana hawakuwahi kuliona jino la namna hiyo. Ustadhi akamkalisha, akampa kitambaa cha kuzuia damu, akatuma mtu kumwita dada yangu. Mwanafunzi mmoja akaliokota jino lililojaa mchanga, akalisugua kwa sabuni ya kufulia mpaka likang'ara, akalifunga kwenye karatasi laini. Dada akalitia mkobani. Mpaka wapate gari, wafike hospitali, waandikishwe na wakae kwenye benchi, saa tatu zilikuwa zimepita. Daktari akalirudisha na kulifunga, na kwa kazi ile namshukuru mpaka leo.

Hakuna aliyezembea siku ile. Kila mmoja alitenda kwa mapenzi, na karibu kila kilichotendwa kabla ya hospitali kilikuwa kinaliua jino. Hilo ndilo linaloniuma, na ndiyo hoja yangu. Jino lililong'oka huokolewa au hupotea pale pale lilipoanguka, mikononi mwa mtu aliye karibu, katika dakika ambazo hakuna hospitali iwezayo kuzifikia. Sisi tumeyaweka matumaini yetu yote mwisho wa safari, na jino linafia njiani.

Linafia vipi? Jino halikupigiliwa kwenye taya kama msumari kwenye ubao. Baina ya mzizi na mfupa kuna utando mwembamba mno, hata nusu ya milimita haufiki, wenye nyuzi na chembe hai zinazolishikilia jino na kulipa ule ulaini kidogo unaousikia unapotafuna. Jino likichomoka, sehemu ya utando hubaki ndani ya tundu na sehemu hutoka na mzizi. Ule unyevunyevu ulioshika kwenye mzizi, ambao kwa macho ya mtu mwenye usafi unaonekana ni uchafu wa kuondoshwa, ndio uhai wa jino. Ukiusugua umeuondoa. Ukiuacha hewani, ndani ya dakika 30 chembe nyingi zimeshakufa, na zikitimia 60 madaktari hawazihesabu tena kuwa hai. Karatasi laini ndani ya mkoba inafanya kazi ile ile ya jua kwa dagaa.

Jino lenye utando uliokufa halikatai kurudishwa. Linashika, tena linashika kupita kiasi. Mfupa huungana na mzizi moja kwa moja, kisha huanza kuula kidogo kidogo na kujijenga mahali pake. Kwa mtu mzima jambo hili huchukua miaka mingi; kwa mtoto anayekua huenda mbio. Na kwa kuwa limegandana na mfupa, haliwezi kushuka pamoja na wenzake taya linaporefuka. Mpwa wangu sasa ana miaka 13. Jino lake limebaki juu, wenzake wameshuka, na ukiligonga kwa mpini wa kijiko linatoa mlio mkavu ambao jirani yake hana. Akicheka huinua mkono.

Kwetu mwanya ni uzuri, na wapo walioimbiwa kwa ajili yake. Pengo la kuvunjika ni jambo jingine, na mtoto anaijua tofauti yake kabla ya mtu mzima yeyote kumwambia. Tena kuna hili ambalo walimu wa chuo watalielewa haraka kuliko madaktari: herufi ya thaa, ya dhaal na ya dhaa nzito hutoka ncha ya ulimi inapokutana na ncha za meno mawili ya mbele ya juu, na faa hutoka meno hayo yanapogusa mdomo wa chini. Mtoto aliyefundishwa makhraji, yaani mahali kila herufi inapotokea, kwa miaka mitatu akipoteza jino hilo, anaanza upya kutafuta pa kuwekea ulimi.

Basi mtu afanye nini? Kwanza amtazame mtoto, jino baadaye. Ikiwa amezimia hata kwa muda mfupi, anatapika, anazungumza ovyo au damu haikatiki, huyo ni wa hospitali mara moja na habari ya jino inafuata nyuma. Akiwa mzima wa kichwa, jino litafutwe. Litazamwe kama ni la utoto au la ukubwani. La ukubwani ni pana zaidi na mzizi wake ni mrefu. Na kwa mtoto ambaye limeota karibuni, ukingo wake una vinundu vitatu vidogo kama meno ya msumeno. La utoto halirudishwi, kwa sababu kulisukuma ndani kunaweza kuliumiza jino changa linalosubiri juu yake.

La ukubwani lirudishwe hapo hapo. Naandika neno hili nikijua linavyotisha. Lishikwe sehemu nyeupe ile inayoonekana mtu akicheka, mzizi usiguswe. Likiwa na mchanga lisuuzwe taratibu kwa maziwa au kwa mate ya mtoto mwenyewe. Visipopatikana, maji safi ya baridi kwa sekunde chache tu, bila ya kusugua, bila ya sabuni, bila ya dawa yoyote. Uso wake wa mbele uelekee mbele, liingizwe polepole kwenye tundu lake mpaka lilingane na jirani, kisha mtoto aume kitambaa safi kulishikilia na safari ya hospitali ianze siku hiyo hiyo. Likikaa kidogo upande, daktari atalinyoosha. Katika dakika za mwanzo mtoto mara nyingi anaumia kidogo kuliko anavyoogopa yule anayemshikia.

Asiyeweza, kwa kuogopa au kwa kuwa mtoto hakubali kabisa, alitie jino ndani ya maziwa. Maziwa mabichi ya ng'ombe wa jirani yanafaa, ya pakiti yanafaa, mradi yawe baridi na yasiwe mtindi, kwa kuwa ukali wa mtindi unaziua chembe. Kila ninapozungumza haya Pemba mtu huniuliza kuhusu dafu, na ni swali la haki kabisa, maana dafu liko karibu kuliko friji. Limechunguzwa maabara. Uchunguzi mmoja ulilisifu sana, mwingine ukakuta ukali wake unadhuru chembe na maziwa yakalishinda. Kwa hiyo maziwa yakiwepo, dafu linywewe na mgonjwa. Maji ya bahari hayafai hata kidogo, yana chumvi nyingi mno na yananyonya maji ya ndani ya chembe. Maji ya kawaida nayo si mazuri, ila ni afadhali kuliko jino kukauka. Yasipopatikana maziwa, mtoto ateme mate ndani ya kikombe na jino likae humo.

Sasa itazame ramani yetu. Hospitali zipo, kuanzia Mkoani, Chake Chake na Wete mpaka Micheweni. Lakini mtoto wa Kojani anaanza na mashua kabla ya kufikiria gari. Wa Kisiwa Panza vivyo hivyo, wa Fundo vivyo hivyo, na maji yakiwa yamekupwa anatembea kwenye matope kabla ya kuifikia hiyo mashua. Hata aliyeko Makangale kwenye nchi kavu, barabara peke yake inakula sehemu kubwa ya ile saa moja. Tunaweza kujenga kliniki ya meno nzuri kuliko zote Afrika Mashariki pale mjini Chake na bado mtoto wa Kojani akafika na jino lililokufa. Ndiyo maana nasema elimu ya anayeliokota jino inatangulia kila kifaa tunachokiomba.

Majeraha haya hayatokei mara moja moja. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu wapatao bilioni 1 duniani wamewahi kuumia meno na sehemu za kinywa, na kwamba kwa watoto wa hadi miaka 12 kiwango ni karibu asilimia 20. Nani asiyejua yanatokea wapi? Mtoto juu ya mwembe msimu wa maembe, juu ya mkarafuu msimu wa karafuu, juu ya baskeli ya kakaake ambayo miguu haifiki kwenye pedeli. Sikukuu mbili za Idi, pembea za Tibirinzi zinajaa na mwenye kusubiri zamu yake anasimama karibu mno na ubao unaorudi. Watoto ambao meno yao ya juu yametokeza mbele, wengine kwa kunyonya kidole muda mrefu, huumia zaidi kwa kuwa mdomo hauyafuniki. Na siku nyingine maelezo hayalingani na jeraha: mtoto ameanguka, tunaambiwa, lakini mdomo umepasuka kwa namna ya kupigwa. Anayempokea amuulize mtoto, tena amuulize akiwa peke yake.

Jino kutoka zima ndilo jeraha la kutisha kuliko yote, lakini si la kawaida kuliko yote. La kawaida ni jino kuvunjika kipembe. Hapa kosa letu ni jingine: tunangoja maumivu. Kipande kimetoka, mtoto anakula, analala, basi tunasema limepita. Chini ya ganda gumu la nje kuna tabaka la manjano lenye vijitundu visivyoonekana, na vijitundu hivyo vinafika mpaka kwenye kiini chenye damu na neva. Jino lisipozibwa, vijidudu vina njia. Kipande kikipatikana kihifadhiwe ndani ya maji na kipelekwe, maana mara nyingi daktari anaweza kukigundisha mahali pake kikakaa kwa rangi ile ile na umbo lile lile. Kisipopatikana, daktari atazame ndani ya mdomo uliopasuka, huenda kimezama humo.

Hata pale kiini kinapoonekana, nukta nyekundu katikati ya pale palipovunjika, jino la mtoto halijahukumiwa. Daktari Miomir Cvek, aliyefanya kazi Sweden, alionesha mwaka 1978 kwamba ukiondoa milimita chache tu za juu za kiini kilichojeruhiwa, ukaweka dawa ya kalsiamu na kuziba vizuri, kiini kilichobaki hupona na mzizi unaendelea kukua. Kwa mtoto wa miaka 8 kuendelea huko ni kila kitu. Jino linapochomoza mzizi wake bado haujakamilika. Unachukua kama miaka 3 zaidi kurefuka, kuta zake kunenepa na ncha yake kufunga. Ukiua kiini mapema, unabaki na mzizi mfupi wenye kuta nyembamba ambao utavunjika kwa pigo dogo lijalo.

Nalisema hili kwa mkazo kwa sababu kwa miaka mingi huduma ya meno kwetu, Bara na Visiwani, imekuwa kung'oa zaidi kuliko kuokoa. Ilikuwa na sababu zake: wagonjwa wengi, vifaa vichache, na watu wanaofika wakiwa tayari wameshindwa kulala kwa wiki. Mzoea kung'oa jino bovu la mtu mzima akiletewa jino la mbele la mtoto lililogeuka rangi ya kijivu baada ya kuanguka, mkono unakwenda kwenye koleo wenyewe. Rangi peke yake si hukumu. Jino changa ambalo ncha ya mzizi bado iko wazi linaweza kurudishiwa damu, na lililoonekana limekufa mwezi wa kwanza likajibu kipimo mwezi wa tatu. Mzazi ana haki ya kuuliza: kuna ulazima gani wa kuling'oa leo? Na hata likiwa halina matumaini ya uzeeni, kukaa kwake mpaka mtoto amalize kukua kunaulinda mfupa, kwa sababu jino la kupandikiza la chuma halifai kuwekwa kwenye taya linaloendelea kukua.

Nimewasikia wanaosema kwamba yote haya ni tiba ya nchi tajiri. Sikubaliani nao. Jino lililorudishwa linahitaji kufungwa kwa wenzake muda wa wiki 2, kwa kitu chembamba kinachonesa, kwa sababu likikazwa kama chuma utando hauponi vizuri. Chama cha Kimataifa cha wataalamu wa majeraha ya meno, katika mwongozo wake wa 2020, kinataja waya usiozidi unene wa milimita 0.4. Kisha kinataja kingine: uzi wa nailoni wa kuvulia samaki, wa milimita 0.13 mpaka 0.25, ukigundishwa kwa ile ile dawa nyeupe ya kuzibia meno. Mshipi! Kila nyumba ya mvuvi kuanzia Wesha mpaka Kojani unao. Mwongozo unatahadharisha kwamba haufai kwa mtoto ambaye meno ya ukubwani bado ni machache, kwa kuwa hapati pa kujishika, na kazi hiyo ni ya daktari, si ya nyumbani. Lakini kisingizio cha kwamba hatuna vifaa kinapungua nguvu ukijua kwamba kimojawapo kinauzwa duka la zana za uvuvi.

Kilicho kigumu kweli ni kurudi. Jino lililorudishwa, likiwa mzizi wake umeshafunga, linatakiwa litibiwe ndani ya mzizi katika wiki 2 za mwanzo, kabla vijidudu havijaanza kuula. Kisha mtoto aonekane tena mwezi wa kwanza, wa tatu, wa sita, mwaka, na kila mwaka kwa miaka 5 angalau. Nani anarudi mara zote hizo kwa jino lisilouma? Nauli ya mama na mtoto, siku ya kazi iliyopotea, skuli iliyokosekana. Dada yangu alirudi mara mbili akaacha, nami niliyejua kusoma sikumsukuma. Simlaumu mzazi anayeacha. Anayepaswa kubeba mzigo huu ni mfumo: tarehe ziandikwe kwenye kadi ya mtoto, na simu ipigwe. Wahudumu wa afya ya jamii wa mpango wa Jamii ni Afya tayari wanapita nyumba kwa nyumba Unguja na Pemba. Swali moja la jino lililofungwa halitowaelemea.

Wakati wa kupona, uji na wali laini kwa wiki 2, mswaki laini bila ya kuruka jino lenyewe, na mua na hindi la kuchoma vikae mbali. Chanjo ya pepopunda iulizwe, hasa jino lililoangukia udongo.

Lakini ningepewa pa kuanzia, ningeanza chuoni. Skuli zina walimu waliosoma na baadhi zina sanduku la huduma ya kwanza. Chuoni mara nyingi hakuna hata plasta, na huko ndiko karibu kila mtoto wa Pemba anakopita, tena katika miaka ile ile ya 7 mpaka 12 ambayo meno haya ni mapya. Anachosema ustadhi kinafika nyumbani kabla ya magharibi.

Mwezi uliopita nilikwenda kwa ustadhi yule yule wa mpwa wangu na karatasi niliyoiandika kwa mkono, sentensi sita. Aliisoma mara mbili, akaniuliza nimwoneshe kwa kidole sehemu ipi ya jino inashikwa. Kisha akasema, "Sheikh wangu, haya nimeyafahamu. Lakini saa za chuo maziwa nitayatoa wapi?" Lilikuwa swali bora kuliko karatasi yangu yote. Duka lililo ng'ambo ya barabara linauza maziwa ya pakiti, ila hufungwa wakati wa sala. Tukakubaliana juu ya kikombe cha plastiki chenye kifuniko. Duka likiwa wazi, kinajazwa maziwa. Likiwa limefungwa, mtoto anatemea mate yake. Kikombe kimeoshwa na kiko dirishani, karatasi imebandikwa juu ya birika, na yule mwanafunzi aliyelisugua jino kwa sabuni, ambaye sasa ni mkubwa na anawasomesha wadogo, ndiye aliyeomba aibandike.